Mwavuli wa Msumeno

Katika karakana ile hakuna aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu waliitwa kwa hesabu ya vidole walivyobakiwa navyo. Alikuwapo Tisa, aliyeacha kidole kidogo kwenye mashine ya randa. Alikuwapo Nane, ambaye msumeno wa meza ulimchukulia viwili vya mkono wa kulia miaka kumi na tisa iliyopita. Halafu alikuwapo Kumi, mwenye karakana, ambaye alikuwa navyo vyote na hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha wenzake.

Mchezo huo wa majina aliuanzisha marehemu baba yake, na pamoja nao aliacha sheria moja: mwenye vidole kumi ndiye anayesimama kwenye msumeno. Wengine wapige msasa, wapake gundi, wapokee mbao upande wa pili. Ni sheria ya kijinga, maana aliyewahi kukatwa ndiye anayejua vizuri kuliko wote msumeno unauma wapi. Lakini Kumi hakuwahi kukaa akaifikiria. Angeifikiria ya nini, wakati ndiyo iliyomfanya bwana mkubwa wa chumba kilichojaa vumbi?

Dharau kwake ilikuwa kazi ya pili baada ya useremala, na kwa kweli aliifanya kwa bidii zaidi. Wateja aliwadharau kwa kutojua mbao. Mafundi wa mtaa wa pili aliwadharau kwa kutumia misumari pale panapotaka ulimi na tundu. Tisa alimdharau kwa kucheka ovyo, ingawa vicheko vyenyewe vilikuwa vya kumfurahisha yeye. Nane ndiye aliyepewa fungu kubwa. Nane alikuwa mume wa dada yake mdogo, mtu mpole mwenye vernia, koleo dogo la kupimia unene, mfukoni, aliyepima kitu mara tatu kabla ya kukigusa. Kila alipopita na msasa mkononi Kumi alimuuliza, "Shemeji, vile viwili bado havijaota?" Tisa alicheka. Nane alipita zake.

Mara moja kwa mwaka Nane alileta ombi lile lile: tununue kinga ya msumeno, kile kifuniko kinachokaa juu ya diski.

"Mwavuli?" Kumi alijibu. "Kwani msumeno unanyeshewa humu ndani? Ninyi mnaokatwa ndio mnaotaka miavuli. Fundi anayetazama kazi yake hakatwi."

Basi macho hayo hayo ya kutazamia kazi ndiyo yaliyomgeuka. Ilianza kwa kuwagonga watu mabega sokoni na kuwatukana kwa kumgonga. Ikafuata milango, ikafuata kona ya meza ya mkewe. Alipokwenda hospitali, daktari mmoja wa kike alimkalisha mbele ya mashine yenye vitaa, akamwambia abonyeze kila anapokiona kimoja. Kumi alibonyeza mara chache, kisha akamshauri daktari aitengeneze mashine yake, maana vitaa vingi vimeungua. Daktari hakucheka. Alimwambia ni presha ya macho, kwamba upande wa kushoto umeshakwenda na hautarudi, na kwamba matone atakayompa ni ya kulinda kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Aliona mbele yake kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Diski ya msumeno akiitazama aliiona, lakini mkono wake wa kushoto ukisogea pembeni kubana mbao, ulipotea. Aliujua upo kwa sababu ameuzoea tu. Kwa miezi saba alikata hivyo, roho mkononi, huku chupa ya matone akiificha kwenye kopo la kalamu za risasi. Akiulizwa kuhusu macho mekundu, alisema vumbi.

Mkewe alimwambia, "Si uwaeleze tu? Ni watu wa nyumbani."

"Niwaeleze ili Nane anikalishe kwenye msasa?"

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kukatwa hakukumtisha sana, au alijidanganya hivyo. Kilichomtisha ni benchi la msasa pale dirishani, kusimama bega kwa bega na watu aliowacheka miaka yote, huku mtu mwingine akikata. Alitaka kufa akiwa kwenye msumeno, si kwa msumeno, na alipozidi kuwaza akaona njia ni moja: ile kinga aliyoitukana miaka yote. Ingezuia mkono asiouona. Shida ilikuwa namna ya kuinunua bila mtu kujua anaihitaji.

Jumanne asubuhi alisimama katikati ya karakana na kutangaza kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

"Nimeamua kununua ule mwavuli wenu. Msije mkaniambia siwajali. Wewe Nane, twende dukani, maana wewe ndiye mwenye uchungu nao."

Nane aliweka msasa chini. Alimtazama shemeji yake kwa muda, akafuta mikono, akachukua kipande kimoja cha mbao kutoka kwenye pipa la mabaki, akakitia mfukoni.

Muuzaji wa vifaa alikuwa bwana wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni, na Kumi alimdharau kabla hajafungua mdomo. Mtu anauza misumeno na kucha zake safi. Alileta kinga ya kwanza, ya plastiki ya manjano, inayofungwa nyuma ya meza kwa bolti mbili. Kumi aliibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea.

"Hii ni ya kufunikia mboga," alisema. "Lete ya watu wazima."

Ya pili ilikuwa inaning'inia kwenye mkono mrefu wa chuma unaofungwa juu darini. Kumi aliuliza kama dari nayo inauzwa humo, kwa kuwa dari ya karakana yake ni mabati na mbao za kubahatisha. Muuzaji akatabasamu tabasamu la biashara na kuingia ndani. Alipotoka alikuwa na boksi lenye kinga ya tatu: kifuniko kigumu kinachopitisha mwanga, kilichokaa juu ya kipande cha chuma bapa kilichopinda kama mundu.

"Hii ndiyo," alisema Nane. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu watoke.

"Wewe umejuaje?"

"Ina ulimi." Nane alikigusa kile chuma bapa. "Huu unasimama nyuma ya diski, ndani ya njia iliyokwisha kukatwa. Mbao ikitaka kujifunga, haiwezi kuibana diski ikarushwa. Mimi ningekuwa na huu, ningekuwa navyo vyote." Alitoa kile kipande cha mbao mfukoni. Kilikuwa na mfereji uliokatwa na msumeno wao. "Lakini lazima ulingane na diski. Uwe mwembamba kuliko njia, uwe mnene kuliko mwili wa diski. Njia yetu ni milimita mbili nukta sita. Mwili ni moja nukta nane. Tutafute ulimi wa mbili nukta mbili."

Muuzaji akaanza kumsikiliza Nane na kumpa Kumi mgongo, jambo lililomchoma sana Kumi. Nane, mtu wa kupaka gundi, anageuzwa bwana wa shughuli mbele yake.

"Ninazo mbili," alisema muuzaji akiweka boksi la pili mezani. "Sura moja, ila ulimi tofauti. Namba imegongwa kwenye chuma."

Kumi aliwahi kuchukua kinga mojawapo kabla Nane hajanyoosha mkono. Aliipima uzito. Ilikuwa nzito, imara, chuma cha kiume. Chochote kitakachosimama kati ya mkono wake na yale meno, alitaka kiwe kinene.

"Hiyo ni ngapi?" aliuliza Nane.

Kumi aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Aliinamisha kichwa, akakirudisha nyuma, akakipeleka upande. Pale palipotakiwa kuwa na namba aliona mkwaruzo, na mkwaruzo nao ukamkimbia. Angeweza kusema, soma wewe. Ni maneno mawili, na mtoto wa darasa la kwanza huyasema bila kufa.

"Mbili nukta mbili," alisema. "Au unataka nikuimbie?"

Nane akatoa vernia yake.

"Rudisha hicho kidude chako mfukoni. Unapima chuma au unanipima mimi?"

Nane alisimama na vernia mkononi, akamtazama muuzaji, akamtazama mwenye karakana, kaka wa mkewe, mtu mzima aliyesema namba kwa kinywa chake. Akaifunga vernia, akairudisha. Kurudi karakana Kumi alibeba boksi mwenyewe, huku akieleza njia nzima kwamba duka lile ni la wababaishaji.

Alikataa kusaidiwa kuifunga. Aliwapanga Tisa na Nane wasimame watazame ili wajifunze, akavua kile kibati kinachozunguka diski mezani, akaingiza mkono ndani. Hapo, kusema kweli, alikuwa fundi. Vidole vyake vilizipata bolti gizani, vikafungua, vikaweka shina la kinga mahali pake na kukaza nati kwa spana bila kubabaika. Aliweka rula ya chuma ubavuni mwa diski, akaisogeza mpaka ikagusa ulimi, akapitisha kidole kwenye maungio. Nyoofu kabisa. Akaacha nafasi ya unene wa penseli kati ya meno na ulimi, akashusha kifuniko. Alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza katika miezi saba.

"Haya," alisema. "Kazi ya mwavuli wenu imekwisha. Tisa, washa."

Alichukua mbao ya mwimo wa mlango, akailaza kwenye reli ya kuongozea mbao, akasukuma. Mbao ikaingia chini ya kifuniko, msumeno ukaimba vizuri, vumbi likatoka. Mbao ikafika kwenye ulimi na kugoma. Kumi akasukuma. Ikagoma. Akasukuma kwa kifua, mota ikaanza kuguna, harufu ya mti ulioungua ikajaa chumba, na mbao ikatetemeka mikononi mwake. Tisa alizima umeme ukutani bila kuagizwa.

"Nani kakwambia uzime?"

"Moshi ndio umeniambia, fundi."

Kumi akawageukia wote wawili. Aliwaambia kwamba yote haya ni uchafu wa Nane, aliyeshupalia vitu vya dukani. Kwamba mbao yenyewe mbichi. Kwamba Tisa ameipokea kwa kuivuta pembeni kama mlevi. Kwamba babake alikata miaka arobaini bila dude hilo na hakuwahi kunusa moshi. Alipokuwa anasema, Nane alipita nyuma ya meza, akaingiza vernia chini ya kifuniko, akaubana ulimi, akasoma.

"Mbili nukta nane," alisema Nane. "Ni mnene kuliko njia. Hapa hata ingekuwa siagi isingepita." Alifuta vumbi kwenye chuma kwa kidole. "Na imeandikwa, shemeji. Maandishi makubwa."

"Nimesoma vibaya. Basi? Wewe hujawahi kusoma vibaya?"

"Sijawahi kukusikia ukisema umekosea."

Tisa alikwisha fungua mdomo acheke, akaona hapachekwi. Kumi akaendelea. Alimwambia Nane kwamba mtu aliyeshindwa kuvilinda vidole vyake asimfundishe mtu kusoma, na kwamba asingekuwa ameoa dada yake angekuwa anauza vibiriti. Yalimtoka mengi, mengine hata hayahusiani na mbao. Nane aliitia vernia mfukoni. Alizunguka taratibu, akasimama upande wa kushoto wa Kumi, akainua ule mkono wa kulia wenye vidole vitatu, akauweka hewani karibu na uso wa shemeji yake, shubiri moja kutoka kwenye jicho.

Kumi hakuuona. Aliendelea kumtukana Nane kuelekea pale Nane alipokuwa amesimama mwanzo. Alisema Nane ni mzigo. Alisema vernia yake ni ushirikina. Mkono ulikaa pale pale, haukutikisika, na Tisa aliutazama ule mkono, akamtazama Kumi, uso wake ukabadilika polepole kama mtu anayeletewa habari za msiba. Ukimya wa Tisa ndio uliomzindua Kumi. Akageuza kichwa, na vile vidole vitatu vikamtokea ghafla mbele ya pua.

Alirudi nyuma akagonga meza.

"Tangu lini?" aliuliza Nane.

"Ni vumbi."

"Tangu lini, shemeji?"

Kumi alitafuta tusi, akaona yamekwisha. Miaka yote hiyo hayajawahi kumwishia.

"Miezi saba," alisema. "Kushoto hakuna kitu."

Hakuna aliyemwonea huruma, na hilo ni kosa lake mwenyewe, maana hakuwahi kuwafundisha. Alijaribu kuokoa kilichobaki. Aliinua mikono yote miwili, akapanua vidole. "Mzee aliacha sheria ya vidole. Hesabuni. Vipo kumi. Nitakata."

"Kata," alisema Nane. "Mimi nitakuwa kule dirishani. Mbao zako utazipokea mwenyewe."

Kumi akamtazama Tisa. Tisa, ambaye alicheka kila alipotakiwa kucheka, alikuwa anafuta kishubaka kisicho na vumbi. Kumi angeweza kuwafukuza wote wawili. Karakana ni yake na hati anayo. Akajiona yuko peke yake na mashine isiyokuwa na upande wa kushoto. Alishika spana, akaipiga mezani kwa nguvu ili isije ikaonekana anaitoa kwa hiari.

"Chukua," alisema. "Tuone huo umalaika wako."

Nane alirudi dukani mchana huo huo, akaja na kinga yenye ulimi wa mbili nukta mbili. Kumi alikaa juu ya rundo la mbao na kumdharau hatua kwa hatua. Jamaa alikuwa mzito kama foleni ya hospitali. Alipima njia, akapima ulimi, akapima tena njia, eti isije ikawa imebadilika wakati alipogeuka. Nati aliyokaza Kumi kwa dakika moja yeye aliikaza kwa kumi. Aliinua diski juu, akaishusha, akazungusha kwa mkono akisikiliza kama jino linagusa chuma. Halafu akawasha, akachukua ile ile mbao iliyogoma, akaisukuma kwa kijiti. Ikapita yote, mpaka ikatokea upande wa pili mikononi mwa Tisa, imenyooka, haina hata alama ya kuungua. Kumi alitamani ikwame. Alitamani kwa moyo wake wote, na alijua anatamani nini.

Kesho yake asubuhi alifika mapema, akavaa aproni, akaenda mwenyewe mpaka kwenye benchi la dirishani kabla hajaelekezwa. Ikiwa ni lazima adhalilike, atadhalilika kwa ustadi. Atawaonyesha kwamba kazi waliyoifanya miaka yote kwa jasho ni ya kumaliza kabla ya chai. Nyuma yake msumeno uliwashwa, ukakata, ukakata tena. Aliusikiliza huku amebana meno.

Benchini palikuwa na miimo ya milango, rundo zima lililokuwa likisubiri tangu wiki iliyopita. Alichagua msasa laini, namba mia na ishirini, akachukua mwimo wa kwanza. Alipitisha kiganja ubavuni kwanza, kama fundi yeyote. Akasimama. Akapitisha tena. Ubavu ulikuwa na mawimbi. Katikati uliingia ndani, mwishoni ukatoka, na penye fundo palikuwa na ngazi ambayo hata kipofu angeiona. Alichukua wa pili. Ulikuwa vile vile. Wa tatu ulipinda waziwazi. Moyo wake ukachangamka. Dharau ikamrudia, moto moto, kama mgeni aliyepotea njia na sasa amefika.

"Hebu njooni hapa," aliita. Nane akazima msumeno. "Hii ndiyo mnaita kazi? Hii? Mpumbavu gani amekata mbao hizi?"

Tisa aliinama akaanza kushughulika na kiatu chake, kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Kumi alisubiri jibu, mwimo mkononi, kidole gumba bado kiko juu ya ile ngazi. Kisha kidole kikaacha kusogea.

Nane hakutabasamu. Alifuta vumbi kwenye kifuniko cha kinga kwa kiganja chake, akachukua mbao nyingine, akailaza kwenye reli.

"Usianze na mia na ishirini, shemeji," alisema. "Hizo hazikubali. Mimi tangu mwanzo wa mwaka naanza na sitini, halafu themanini, ndipo nashika hiyo. Ziko rafu ya chini, upande wako wa kushoto."

Kumi akaweka mwimo benchini, akainama, akaanza kupapasa.